Siri ya Mwananchi Ni Amana

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa katibu wa tawi la Chama katika kata mojawapo ya miteremko ya Kilimanjaro, nilipokea barua yenye mihuri yote inayotakiwa. Barua hiyo ilinijulisha kwamba watafiti wa saikolojia wangepita katika vihamba vyetu kuwahoji kina mama juu ya huzuni, ukosefu wa usingizi na mawazo mazito, na ikaniomba niwape ushirikiano. Ushirikiano niliutoa, tena kwa bidii. Niliwaita mabalozi wa mashina, nikawaagiza kila kaya iliyochaguliwa ikae tayari, nami mwenyewe nikafuatana na wadodosaji nyumba hadi nyumba. Kwa siku tatu hakukataa hata mmoja. Katika taarifa yangu niliandika kwamba wananchi wameitikia kwa asilimia 100, na nikajivuna.

Aliyenizindua ni bibi mmoja, mjane, ambaye baada ya kutia dole gumba kwenye fomu alinivuta kando penye migomba akaniuliza kwa sauti ya chini: "Katibu, mwanangu, hii ni ile ya lazima au ile ya hiari?"

Sikuwa na jibu la kumpa, maana fomu ilikwisha kutiwa dole. Fomu ile ilieleza wazi kwamba mtu ana haki ya kukataa, na kwamba akikataa hatanyimwa huduma yoyote. Lakini aliyesimama mlangoni pake alikuwa ni mimi, mtu ambaye neno lake husikilizwa kijijini majina ya kaya za kusaidiwa yanapojadiliwa, na ambaye huombwa barua ya utambulisho mtoto anapotafuta nafasi. Mjane gani atamwambia mtu huyo kuwa leo hataki kusema habari za moyo wake? Asilimia 100 ile niliyojivunia ilikuwa kipimo cha woga, nami ndiye niliyeuleta mlangoni.

Suala la ridhaa lina historia chungu. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 ziliandikwa baada ya madaktari wa Ujerumani ya Hitler kushtakiwa kwa kuwafanyia wafungwa majaribio ya kikatili, na sharti lake la kwanza kabisa ni ridhaa ya hiari. Mwaka 1964 likafuata Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani. Hata hivyo, nchini Marekani utafiti wa Tuskegee, uliowaacha wanaume weusi wenye kaswende bila tiba huku wakidanganywa kuwa wanatibiwa, uliendelea tangu 1932 mpaka 1972. Azimio lilikuwapo kabatini, na watu wakaendelea kufa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kuitazama elimu hii ya nafsi kwa macho mawili. J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alidai katika maandishi yake ya miaka ya 1950 kwamba akili ya Mwafrika wa kawaida yafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kitabu chake cha mwaka 1953 kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau, naye akaandika kana kwamba watu walionyang'anywa ardhi yao walikuwa na ugonjwa. Huo ndio utaalamu unapokuwa mtumishi wa mwenye bunduki. Na asidhani mtu kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na ukoloni: mwaka 2015 uchunguzi wa wakili David Hoffman ulionyesha jinsi baadhi ya viongozi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani walivyoshirikiana na maofisa wa wizara ya ulinzi kulegeza miongozo ya maadili, ili wanasaikolojia waendelee kushiriki katika mahojiano ya mahabusu. Mwezi Agosti mwaka huohuo baraza la chama hicho likapiga kura kuukataza ushiriki huo.

Lakini turudi Moshi, kwa sababu Moshi imekuwa shamba kubwa la utafiti. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha tiba, zimefanya kazi kwa miaka mingi na vyuo vikuu vya ng'ambo, hasa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Mji huu ulikuwa pia miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa wa hali za yatima, pamoja na vituo vya Kenya, Ethiopia, India na Kambodia. Katika kazi hiyo lilizaliwa swali gumu: mtoto aliyefiwa na baba au mama, ambaye majonzi yamemganda moyoni, atasaidiwa na nani, ikiwa wataalamu wa akili ni wachache mno katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7?

Jibu lililojaribiwa ni kuwafundisha watu wa kawaida, wasio na elimu ya saikolojia, ili waendeshe tiba ya mazungumzo chini ya usimamizi. Jaribio la kwanza hapa Moshi lilikuwa na watoto 64. La pili, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, lilikuwa na watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13, wa Moshi na wa Bungoma nchini Kenya. Nusu yao walipewa vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake. Nusu nyingine walibaki na msaada wa kawaida unaotolewa kwa yatima. Aliyeamua nani aingie wapi ni kura.

Hapo mjadala wa maadili unaacha vitabu na kuingia jikoni. Kwa Mchaga kaburi la baba limo ndani ya kihamba, hatua chache kutoka nyumbani, na mtoto hulipita kila aendapo kukata majani ya ng'ombe. Kumwambia aeleze jinsi baba alivyokufa, je, ni kumponya au ni kumtonesha? Wapo wazee walioniambia kuwa jambo hilo ni uchuro. Wapo walezi walioona mtoto akilala usiku bila kuweweseka, wakashukuru. Na yule ambaye kura ilimpeleka upande wa pili, mlezi wake aelezweje kwa Kiswahili chepesi kwamba hakuna aliyempendelea jirani yake? Neno "kura" kwetu lina harufu ya uchaguzi na ya bahati nasibu, na yote mawili watu huyashuku.

Matokeo yenyewe yanafundisha. Mwaka mmoja baadaye watoto wa Kenya waliopata tiba walikuwa bado mbele ya wenzao kwa mbali. Upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu iliyolingana. Watafiti waliyachapisha yote, yaliyowafurahisha na yasiyowafurahisha, na kwa hilo nawavulia kofia. Mwaka huohuo wa 2015 nilioutaja, kundi la wanasayansi lilirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa katika majarida yenye sifa. Ni asilimia 36 tu ya marudio hayo yaliyotoa matokeo ya kuaminika kitakwimu. Mtafiti anayeficha jaribio lililoshindwa huwapeleka maofisa wetu kutumia fedha za umma kwenye jambo lisilofanya kazi.

Kuna na lile la wale wasaidizi wenyewe. Mshauri wa kawaida ana faida ya kujua lugha na desturi, lakini ni jirani, na kwenye miteremko jirani anasikia kila kitu. Vihamba vyetu vimebanana. Kati ya jiko langu na la mwenzangu ni mstari wa migomba na mfereji. Swali likiulizwa uani, jibu linafika kilabu cha mbege kabla ya magharibi. Hata gari la mradi likisimama mbele ya nyumba moja mara tatu kwa mwezi, watu wamekwisha kuhesabu na kuhukumu. Kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI jambo hili ni zito zaidi, na ndiyo maana mpango wa Sauti ya Vijana hapa Moshi, unaoongozwa na vijana wenzao waliofunzwa, umelazimika kulitafakari suala la siri tangu hatua ya kwanza.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalijua hili kuliko sisi. Mtafiti akiandika katika jarida la Ulaya "mwalimu wa kike, mjane, umri miaka 34, shehia fulani ya Micheweni", hakutaja jina, lakini kwa Mpemba amekwisha kutaja jina, ukoo na mlango wa nyumba. Na kama balozi alivyo kwetu, ndivyo sheha alivyo huko: bila yeye mgeni hapiti, na akiwepo yeye mwenyeji hakatai. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Bara tunayo NIMR tangu 1979 na COSTECH tangu 1986. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Vyombo hivyo hukagua fomu, navyo vina haki ya kufanya hivyo. Ni nani anayekagua mlangoni? Hapo ofisa wa kata, sheha na katibu wa tawi ndio serikali yote ambayo mwananchi anaiona.

Nikiwa mtoto chuoni, maalim wetu alikuwa mkali wa kusoma na mkali zaidi wa ulimi. Aliyesikia neno la faragha barazani akalitoa nje alihesabiwa sawa na aliyekula mali ya yatima. Baadaye katika shule ya serikali nilifundishwa kupokea maagizo na kuyatekeleza. Siku ile ya bibi mjane nilikuwa mwanafunzi mzuri wa shule ya pili, na wa ile ya kwanza nilikuwa nimefeli.

Kenya ilipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Nimewahi kuwauliza mabalozi wangu: mwananchi aliyetolewa siri yake na mshauri, apeleke malalamiko wapi? Wawili walitaja polisi, mmoja alimtaja mchungaji, waliobaki walinyamaza. Maofisa wanaosoma safu hii wakiwa na jibu, walibandike kwenye mbao za matangazo za zahanati, kwa Kiswahili, pamoja na namba ya simu.

Timu nyingine ya wadodosaji ilikuja mwaka uliofuata. Niliisoma barua, nikaigonga muhuri, nikawaomba mabalozi waonyeshe njia kisha warudi makwao. Mimi nilibaki barabarani kwenye kivuli cha mringaringa. Jioni kijana aliyeongoza timu aliniletea daftari nitie sahihi: nyumba 23 walizotembelea, nyumba 5 zimekataa. Ya bibi mjane ilikuwa mojawapo.