Ufunguo, Kufuli na Kipokezi: Namna Kirusi cha UKIMWI Kinavyoingia Katika Seli

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna protini za juu ya kirusi zinavyoshikana na vipokezi vya seli ya mwanadamu, na kuipima tamathali inayotumiwa aghalabu kulieleza jambo hilo, yaani ufunguo na kufuli. Mfano wetu ni kirusi cha UKIMWI.

Juu ya utando wa kirusi hiki zimechomoza protini ziitwazo gp120, na chini yake gp41. Mnamo 1984 watafiti wa Ufaransa na Uingereza walibainisha kwamba kipokezi cha kirusi hicho ni CD4, protini iliyo juu ya baadhi ya chembechembe nyeupe za damu. Hapa tamathali yetu inafaa, kwani umbo la gp120 huoana na umbo la CD4.

Hata hivyo, tamathali hiyo ina upungufu wa namna mbili. Kwanza, ufunguo haubadiliki uingiapo kufulini, lakini gp120 hubadilika. Ikishaishika CD4 hujipanga upya, ikadhihirisha sehemu inayoshika kipokezi cha pili, aghalabu CCR5, ambacho dhima yake ilitambuliwa mwaka 1996. Ndipo gp41 hujikunjua, ikajichomeka katika utando wa seli na kuuvuta hadi tando mbili zikaungana.

Pili, kufuli hutengenezwa kwa ajili ya ufunguo wake, ilhali vipokezi havikuwekwa kwa ajili ya kirusi. CD4 huisaidia seli kuzitambua dalili za adui; CCR5 huiongoza seli kwenda penye uvimbe. Kirusi ni mdoezi tu katika karamu ya wenyewe.

Upungufu huu si wa lugha pekee. Msomaji akidhani kwamba kila kipokezi ni mlango wa maradhi, atauliza kwa nini usizibwe. CCR5 huweza kuzibwa: wapo watu waliozaliwa bila CCR5 inayofanya kazi, nao ni nadra kuambukizwa, na dawa ya maraviroki, iliyoidhinishwa mwaka 2007, hukizuia kipokezi hicho. Lakini kuiondoa CD4 ni kuubomoa ulinzi wenyewe wa mwili, yaani kuitimiza kazi ya UKIMWI.

Kwa hiyo, mwalimu atumiapo neno kufuli hana budi kueleza pia kazi ya asili ya kipokezi anachokitaja.