Orodha moja, chuo kizima: somo la MIT kwa vyuo vikuu vyetu

Mwalimu akihama chuo, nani anamfungia njia ya kugusa alama za wanafunzi? Pale ambapo aparitora iko na orodha yake, fakilte yake, maktaba yake, na kila kompyuta na neno lake la siri, jibu ni gumu. Mtu anaondoka, akaunti yake inabaki.

Huko Marekani swali hili lilipata jibu zamani. Mwezi wa tano 1983, chuo cha MIT, pamoja na kampuni za Digital na IBM, kilianzisha mradi wa Athena. Mwanafunzi alipaswa kuketi mbele ya kompyuta yoyote ya chuo, aandike jina na neno la siri, akute kazi zake zote. Kufikia 1988 kulikuwa mamia ya kompyuta. Hakuna fundi angeweza kuzizunguka moja moja.

Wakaweka orodha moja. Programu ya Moira ilihifadhi majina na haki za kila mutu, kisha ikapeleka mabadiliko kwa seva zingine. Ukifunga jina katikati, linafungwa kote.

Programu ya pili, Kerberos, ililinda neno la siri: halipitishwi kwenye mtandao. Seva moja inampa mtumiaji tikiti ya saa chache, naye anaionyesha kila anapoomba huduma. Mwizi anayesikiliza mtandao hapati neno lenyewe. Kerberos ya MIT inapatikana bure, na Microsoft iliingiza mfumo huo katika Windows 2000.

Lakini anayeshika orodha ameshika chuo. Seva hiyo ikizimika, hakuna anayeingia. Ikivamiwa, milango yote iko wazi. Ndiyo maana Kerberos inaruhusu seva za akiba zenye nakala ya orodha. Kwa Goma, Bukavu ao Kisangani, ambako umeme unakatika, seva ya pili na batri vinapaswa kuja mbele ya kompyuta mpya.

Kazi ya kwanza haiombi hata mashine. Aparitora na ofisi ya watumishi wapatane juu ya orodha moja ya kweli, na mutu mmoja anayejulikana aijibie. Kisha waulize: walioondoka mwaka jana, akaunti zao zilifungwa na nani?