Mbio za Amani: Nani Anakuambia Ukweli Kuhusu Mwili Wako?

Haya msomaji wetu, leo tunapanda baiskeli! Siyo ile ya kubebea maji au ya kwendea gengeni, hapana. Tunazungumzia mashindano makubwa ya Ulaya yaliyokuwa yakikatiza nchi mbili, tatu, hata nne, na ambayo kwa miaka mingi yalijulikana kwa jina zuri kabisa: Mbio za Amani.

Najua utasema, "Sasa baiskeli na afya yangu wapi na wapi?" Subiri kidogo. Ndani ya historia ya mbio hizi kuna swali linalokuhusu wewe, hata kama hujawahi kushika usukani wa baiskeli maishani mwako.

Zilianzaje?

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikwisha mwaka 1945. Warsaw, mji mkuu wa Polandi, ulikuwa umebaki vifusi vitupu. Watu walikuwa wamechoka, wana njaa, na wana kinyongo na majirani zao. Mwaka 1948 magazeti mawili ya vyama vya kikomunisti, Rudé právo la Chekoslovakia na Głos Ludu la Polandi, yakaandaa mashindano ya baiskeli ya kuunganisha miji mikuu ya nchi hizo mbili.

Mwaka huo wa kwanza kulikuwa na mbio mbili kwa mpigo. Kundi moja lilitoka Warsaw kwenda Prague, na jingine likatoka Prague kwenda Warsaw. Washindi wote wawili, August Prosenik na Aleksandar Zorić, walitoka Yugoslavia.

Mwaka 1952 Ujerumani Mashariki ikajiunga kama mwandaaji na mji wa Berlin ukaingia kwenye njia. Fikiria kidogo hapo. Ni miaka saba tu tangu vita iishe, halafu Mpolandi aliyepoteza ndugu zake anasimama kando ya barabara kumpigia makofi kijana wa Kijerumani! Siyo jambo dogo hilo. Nembo ya mbio ilikuwa njiwa mweupe wa Pablo Picasso, alama ya amani. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Ian Steel, Mskoti aliyeiwakilisha Uingereza. Kwa hiyo hata vijana wa nchi za Magharibi walikuja.

Zilichezwaje?

Mbio hazikuwa za siku moja. Ziligawanywa vipande vipande, yaani hatua. Leo mnatoka mji huu hadi ule, mnalala, kesho mnaendelea. Kila mmoja muda wake unaandikwa na kujumlishwa. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayeongoza, na huyo huvaa fulana ya njano. Timu inayoongoza ilivaa fulana za bluu.

Miaka mingi urefu ulikuwa kama kilomita 2,000. Ni sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya na kurudi, na bado chenji inabaki! Na kwa miongo kadhaa waliruhusiwa wachezaji wa ridhaa tu, siyo wale wanaolipwa kama kazi.

Watu walipata mashujaa wao. Ujerumani Mashariki walikuwa na Gustav-Adolf Schur, waliyemwita Täve, aliyeshinda mwaka 1955 na 1959. Polandi walikuwa na Ryszard Szurkowski, aliyeshinda mara nne kati ya mwaka 1970 na 1975.

Sikiliza kisa kimoja cha Täve. Mwaka 1960, katika mashindano ya dunia ya ridhaa, alikuwa ameshachukua ubingwa mara mbili mfululizo. Karibu na mwisho walikuwa watatu mbele: yeye, mwenzake wa timu Bernhard Eckstein, na Mbelgiji mmoja. Mbelgiji macho yote kwa Täve, kwa sababu ndiye bingwa. Täve akatulia makusudi, Eckstein akachomoka, akashinda. Täve akawa wa pili, tena nyumbani kwao, mbele ya watu wake. Ubingwa wa tatu aliuacha upite ili timu ipate ushindi.

Siasa ikapanda baiskeli

Jina lilikuwa amani, lakini wenye mbio walikuwa watawala. Agosti 1968 majeshi ya Muungano wa Kisovieti na washirika wake yaliivamia Chekoslovakia. Polandi, mwandaaji mwenza, ilikuwa miongoni mwa wavamizi! Mwaka 1969 mbio hazikupita Chekoslovakia. Zilitoka Warsaw hadi Berlin basi. Njiwa alikuwa bado yupo kwenye nembo, lakini wananchi wa Prague walikuwa wameshaona vifaru mitaani mwao.

Kiev, Mei 1986

Sasa tunafika kwenye lile swali letu.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka huko Ukraine, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Mionzi ikasambaa hewani. Mionzi haionekani, hainuki, wala haina ladha. Bila kuambiwa huwezi kujua kama ipo.

Serikali ilikaa kimya hadi tarehe 28 Aprili, baada ya wataalamu wa Sweden kugundua mionzi kwao. Hata hapo ilitoa tangazo fupi tu. Tarehe 1 Mei sherehe za wafanyakazi zilifanyika kama kawaida katika mji wa Kiev, kilomita kama 100 kutoka Chernobyl, na watoto wakiandamana barabarani. Na tarehe 6 Mei, Mbio za Amani zikaanza katika mji huohuo wa Kiev! Timu kadhaa za Magharibi zilikataa kwenda. Wengine walipanda baiskeli na kupumua hewa ile kwa nguvu zote, kama mwendesha baiskeli anavyopumua. Mshindi wa jumla alikuwa Olaf Ludwig wa Ujerumani Mashariki.

Siku chache baadaye, maelfu ya watoto wa shule wa Kiev waliondolewa mjini. Kumbe hatari ilikuwepo!

Mionzi ile inafanyaje kazi? Shingoni una tezi inayotumia madini joto, yale yanayowekwa kwenye chumvi ili watu wasipate rovu. Chernobyl ilitoa madini joto yenye mionzi. Yakaanguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Tezi haina akili ya kutofautisha, inapokea yote. Katika miaka iliyofuata, hadi kufika mwaka 2005, kansa ya tezi hiyo ilikuwa imegundulika kwa watu zaidi ya 6,000 walioishi maeneo yaliyoathirika wakiwa watoto au vijana. Bahati nzuri wengi walitibiwa na wakapona. Lakini sehemu kubwa ya kansa hizo ingeweza kuzuilika kwa mambo rahisi: kuacha maziwa kwa muda, na kumeza mapema vidonge vya madini joto ya kawaida ili tezi ijae isipokee yale mabaya.

Hatusemi kwamba waendesha baiskeli wale waliugua. Tunasema walikuwa na haki ya kuambiwa ukweli kabla ya kuamua. Mwili ni wao.

"Ni vitamini tu"

Siyo mionzi peke yake iliyofichwa. Kuanzia mwaka 1974 Ujerumani Mashariki ilikuwa na mpango wa siri wa serikali wa kuwapa wanamichezo wake dawa za kuongeza nguvu. Wengine walikuwa wasichana wa umri wako, wa miaka 13 au 14, hasa katika kuogelea. Kocha anakupa kidonge cha bluu, anasema, "Meza, ni vitamini." Kumbe ni dawa inayofanya kazi ya homoni za kiume!

Medali zilikuja, ndiyo. Lakini sauti za wasichana zikawa nzito, nywele zikaota kusikotakiwa, hedhi zikavurugika. Wengine walikuja kupata matatizo ya ini na ya uzazi. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani mkuu wa zamani wa michezo wa nchi ile, Manfred Ewald, na daktari Manfred Höppner. Hukumu ilitoka, lakini haikuweza kumrudishia msichana afya yake.

Mbio ziliishia wapi?

Ukuta wa Berlin ulianguka mwaka 1989. Watawala walioziendesha Mbio za Amani wakaondoka, na fedha zao zikaondoka nazo. Wachezaji wa kulipwa wakaruhusiwa, na Mjerumani Steffen Wesemann akaweka rekodi ya kushinda mara tano, mara ya mwisho mwaka 2003. Mwaka 2005 mbio hazikufanyika. Mwaka 2006 zikafanyika kwa mara ya mwisho.

Lakini jina halikufa. Kuanzia mwaka 2013 kuna Mbio za Amani za vijana wa chini ya miaka 23 huko Jamhuri ya Cheki. Mwaka 2018 alizishinda kijana wa miaka 19 kutoka Slovenia, Tadej Pogačar. Baadaye akashinda Tour de France, na Septemba 2025 akachukua ubingwa wa dunia hapa jirani, Kigali, Rwanda, mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika.

Na wewe je?

Kwako huenda hakuna mtambo wa nyuklia. Lakini yupo anayekuambia "meza tu hii, utakesha unasoma bila kuchoka." Yupo wa gym anayekupa kopo la unga usiojua ulichanganywa na nini. Yupo rafiki mwenye krimu ya kung'arisha ngozi, au anayesema "hii haina madhara, kila mtu anatumia." Kabla hujakubali, uliza maswali haya matano:

1. Hii inaitwaje hasa, na imeandikwa nini kwenye pakiti?
2. Inafanya nini mwilini mwangu?
3. Ina madhara gani, leo na baadaye?
4. Nani anafaidika nikiitumia?
5. Naweza kumwuliza muuguzi au mfamasia kwanza?

Akikasirika kwa sababu umeuliza, hiyo nayo ni taarifa. Mwenye nia njema haogopi swali. Wasichana wale walikatazwa kuuliza. Wewe una mdomo, na kituo cha afya kipo: nenda na kidonge chako mkononi, kionyeshe, uliza ni nini. Usione aibu. Kazi ya muuguzi ni kukujibu.