Kinga Kali Kuliko Zote Katika Magic: The Gathering

Kwa bei yake, hakuna kadi ya kinga inayoipiku Fog. Imo katika Magic: The Gathering tangu toleo la kwanza la mwaka 1993, Richard Garfield alipouleta mchezo wake wa kadi sokoni. Kwa mana (nishati ya kulipia kadi) moja tu ya kijani, inafuta madhara yote ya pambano kwa zamu nzima. Haina haja ya kuhesabu: akuvamie kiumbe mmoja wa nguvu 2 au jeshi zima la nguvu 60, haikatwi hata pointi moja ya uhai.

Ila ujue wakati wa kuitupa. Pambano huanza, washambuliaji wakatangazwa, kisha walinzi, ndipo madhara yashuke na pambano lifungwe. Hatua ya madhara ikishafika, yanashuka papo hapo, na aliyesubiri kuona kitakachotokea ameshaumia. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya mwaka 1999 kulikuwa na nafasi maalumu ya kuzuia madhara yaliyokwisha kutolewa. Kisha kwa miaka 10 madhara ya pambano yakawa yanasubiri kwanza, wachezaji wakijibizana kadi. Tangu 2009 nafasi hiyo haipo. Mimi huona saa nzuri ya Fog ni walinzi wakishatangazwa: mpinzani mara nyingi ameshamaliza mana yake kuwaongezea nguvu viumbe wake, nao wamelazwa kwa kushambulia, hawawezi kukuzuia zamu yako ikifika. Hapo ndipo mechi hugeuka.

Yenye bahati mbaya kuliko zote ni Healing Salve. Ilizaliwa na ndugu zake wanne, kila mmoja kwa mana moja na zawadi ya tatu: Lightning Bolt inachoma pointi 3, Dark Ritual inatoa mana 3, Giant Growth inaongeza nguvu 3 na ustahimilivu 3, na Ancestral Recall inakupa kadi 3. Hiyo ya mwisho imo katika kadi tisa zenye nguvu zinazoheshimiwa kuliko zote. Healing Salve inazuia pointi 3 za madhara au inaongeza uhai 3, basi. Inakuchelewesha kushindwa bila kukusogeza kwenye ushindi.

Iliyochelewa kufika: Circle of Protection: Black. Wenzake wanne wa rangi nyingine walikuwemo toleo la kwanza, huyu akasahaulika hadi toleo la pili.

Ghali kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Glacial Chasm ya 1995. Ni ardhi inayozuia madhara yote yanayokuja kwako, ya pambano na yasiyo ya pambano. Lakini inakudai ardhi yako nyingine mara inapoingia, inawakataza viumbe wako kushambulia, na kila zamu yako inataka uhai: 2, halafu 4, halafu 6, halafu 8. Jumlisha, ni 20, yaani uhai wote unaoanza nao. Nayo haiwezi kukuokoa na deni lake yenyewe, kwa kuwa kulipa uhai hakuhesabiwi kuwa ni madhara.

Yenye faida kubwa kuliko zote ni Inkshield ya 2021. Mana 5 si kidogo, lakini ukishambuliwa kwa pointi 12, zote zinazuiwa na unapata viumbe 12 wanaoruka, kila mmoja wa nguvu 2.

Kanuni inayowashangaza wengi inahusu viumbe wenye uwezo wa kukanyaga. Mshambuliaji wa nguvu 6 akikutana na mlinzi wa ustahimilivu 2, anampangia pointi 2 na 4 zinakuangukia wewe, hata kama mlinzi huyo amekingwa kabisa. Kinga yake haiingii kwenye hesabu hiyo.

Na adui mkubwa wa kinga zote? Wengi watamtaja Questing Beast wa 2019, ambaye madhara ya pambano ya jeshi lake hayazuiliki. Mimi naipa Skullcrack ya 2013. Kwa mana 2, madhara hayazuiliki zamu hiyo, hata Fog iwe imeshachezwa, na juu yake inakuchoma pointi 3.