Msalaba wa Tau: Una Maana Gani?

Pengine umewahi kuona padre au bruda Mkapuchini amevaa shingoni kipande cha mti chenye umbo la herufi T, ukajiuliza: mbona msalaba huu hauna kichwa? Huo huitwa Tau.

Tau ni herufi ya mwisho ya Kiebrania. Zamani iliandikwa kama msalaba. Katika Ezekieli 9:4, alama iliwekwa kwenye vipaji vya nyuso za watu waliohuzunikia maovu ya mji wao. Fransisko wa Assisi, aliyefariki mwaka 1226, aliitumia kama sahihi yake. Wakapuchini ni watoto wake, na askofu wa kwanza wa Jimbo la Garissa mwaka 1984, Paul Darmanin, alitoka kwao.

Basi Tau siyo hirizi. Haizuii risasi. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa, watu wakauawa wakiwa ibadani. Baadaye viongozi wa Waislamu walikubali vijana wao wasaidie kulinda makanisa. Hao nao walihuzunikia maovu ya mji. Ukiivaa Tau, fanya vivyo hivyo: jirani akiumizwa, awe wa dini yoyote, usinyamaze.