Kutoka Saosa hadi Edinburgh

Anayepanda matatu Kericho mjini, akapita Litein, Kapkatet na Kaplong mpaka Bomet, husafiri kilomita 60 na ushei. Glasgow na Edinburgh, miji miwili mikubwa ya Uskoti, imeachana karibu hivyo hivyo. Ndege haina kazi hapo: rubani angemaliza kupaa na papo hapo aanze kutua. Watu hupanda treni, na baada ya dakika 50 hivi wameshafika.

Ndege ni ya kwendea London. Kutoka Edinburgh ni kama kilomita 530 angani, saa moja na dakika ishirini hivi. Kwa treni ni saa nne na nusu. Aliyezoea kuchagua kati ya ndege na treni ya SGR akienda Mombasa anaijua hesabu hiyo. Akijumlisha foleni ya ukaguzi, kusubiri mizigo na nauli ya kuingia mjini, ataona ndege haiiachi treni mbali sana. Atokaye Nairobi hana njia ya moja kwa moja hadi Uskoti. Hukata kilomita 6,800 mpaka London, karibu saa tisa kitini, kisha aunganishe.

Huko atakuta nchi ya watu wapatao milioni 5 na nusu, karibu moja ya kumi ya Wakenya, iliyo chini ya mfalme mmoja na Uingereza lakini yenye sheria na mahakama zake. Glasgow si ngeni kabisa kwa watu wa Kericho: mwaka 2014 Mercy Cherono, mzaliwa wa huku, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 mjini humo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Ila uhusiano wa zamani zaidi ni wa chai. James Finlay alianzisha biashara yake Glasgow mwaka 1750, enzi za pamba. Kampuni ikafika Kericho miaka ya 1920. Karibu karne nzima majani yalichumwa kwenye mashamba ya Saosa na Changana huku wenye mali wakiwa ng'ambo, mpaka kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilipoyanunua mashamba hayo.

Kampuni iliyoyaendesha, James Finlay (Kenya), ilisajiliwa Aberdeen, mwendo wa saa mbili na nusu kwa treni kaskazini mwa Edinburgh. Anwani hiyo ndiyo iliyowapa wachumaji zaidi ya 1,000 mlango wa kuishtaki kampuni katika mahakama kuu ya Edinburgh, wakidai kazi ya kubeba majani imewaharibu migongo. Mwaka 2023 majaji waliisimamisha kesi, ili njia za fidia zilizopo Kenya zifuatwe kwanza. Madai yakaambiwa yarudi yalikotoka.

Jambo moja litamsumbua mgeni kuliko umbali wote: saa. Kericho ipo jirani kabisa na ikweta, na saa kumi na mbili na nusu hivi ni macheo au machweo mwaka mzima. Edinburgh, mwezi Desemba, jua hutoka saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Juni ikifika, mtu anaweza kusoma gazeti nje saa nne usiku, bila taa.