Hesabu ya Mbuzi Haitoshi

Vikundi vingi vikiulizwa mradi unaendeleaje, hujibu kwa hesabu: "Tuligawa mbuzi 20." Ni vizuri, lakini hesabu haisemi ni nyumba gani watoto sasa wanapata maziwa, ni wapi mbuzi aliuzwa ama alikufa, na kwa nini. Kabla ya kutoa pesa za wanachama tena, inafaa tujue. Njia moja ni kuchukua visa vichache na kuvichunguza mpaka ndani.

Tuangalie Machakos. Miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliona ardhi ya huko inaharibiwa na mmomonyoko. Mwaka wa 1932 wilaya hiyo, pamoja na Makueni ya leo, ilikuwa na watu kama 240,000. Kufikia 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Mtu angedhani udongo umekwisha. Lakini Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliichunguza wilaya hiyo moja, wakatoa kitabu mwaka wa 1994. Walisoma rekodi za zamani, wakaongea na wazee, wakalinganisha picha za 1937 na za mahali palepale miaka ya 1990. Wakakuta matuta na miti. Wakajua na sababu: watu walichimba matuta ya fanya juu, wengi kwa kusaidiana katika vikundi vya mwethya, na kahawa, matunda na mboga zikawapa pesa za kutunza shamba.

Nasi tunaweza kufanya hivi:

1. Chagueni nyumba nne: mbili zilizofaulu na mbili zilizoshindwa. Mkienda kwa waliofaulu peke yao, hiyo ni kujisifu, si kukagua.

2. Ulizeni maswali yaleyale kila nyumba. Hali ilikuwaje kabla? Ni nini kimebadilika? Bila mradi, kingebadilika?

3. Msitosheke na maneno. Angalieni zizi, na muulize mama, watoto na jirani pia.

4. Anayeuliza asiwe jamaa wa nyumba ile. Ombeni ruhusa kabla ya kusoma majibu mkutanoni, na mtu asiaibishwe.

Nyumba nne si kijiji kizima, kwa hivyo msitupe daftari la hesabu. Hesabu inatuambia ni wangapi. Kisa kinatuambia kwa nini. Mkigundua mbuzi walikufa kwa kukosa dawa ya minyoo, basi pesa zinazokuja zinunue dawa kwanza, halafu ndio muongeze mbuzi.